Macho Aliyochorewa Ba

Jumapili iliyopita nilishtuliwa na simu, na haikuwa habari ya kifo wala ya mgonjwa. Kiprop, kijana wa jirani hapa Yamumbi anayepiga picha za harusi na ibada, alinitumia picha ya maombi yetu ya kina mama. Tulikuwa tumeinamisha vichwa, mikono kifuani, mchungaji amepaza sauti. Nikavaa miwani nijione. Kina mama wote kwenye ile picha walikuwa wamekodoa macho. Hata mimi, niliyekuwa nimeyafumba kabisa nikimwombea binti yangu apate kazi, nimeyatoa kama mtu aliyesikia sufuria ikianguka jikoni.

Nilimpigia hapo hapo.

"Kiprop, mimi nilikuwa naomba ama nilikuwa nachunga mkoba?"

"Ulikuwa unaomba, Kogo," akasema huku akicheka. Kogo ni nyanya kwetu. "Hiyo ni app. Ikipata mtu amefunga macho inamfungulia, automatic. Si umetokea poa?"

Nilikata simu. Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikashika ngozi juu. Yale macho yalikuwa mazuri, hata kuliko yangu, lakini yalikuwa yanamwangalia Kiprop, na mimi sikuwa na habari yoyote na Kiprop saa ile. Nilishtuka tena nilipokumbuka kwamba kazi hiyo ya simu niliwahi kuiona ikifanywa kwa brashi, hapa hapa Eldoret, na mtu ambaye baadaye ilimtoa jasho. Kwa hivyo nyinyi vijana mnaotembea na kamera shingoni, kaeni kidogo niwaambie. Nimepiga picha mjini humu tangu nikiwa mama wa mtoto mmoja, Jeruto wangu, mpaka magoti yakanikatalia, na sijui kama nina kitu kingine cha kuwaachia.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Karanja, mwenye studio nyuma ya soko. Alikuja huku akiwa kijana, akitoka upande wa kati wa nchi, na alikuwa na mikono midogo ambayo ungedhani ni ya mshonaji. Studio yenyewe ilikuwa chumba chenye pazia lililochorwa ngazi za ndege. Watu wa mashamba waliopanda ngazi zile ni wengi kuliko walioona ndege. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha, na mbele, karibu na dirisha, meza ya Mzee. Hapo ndipo aliporekebisha picha. Alikuwa na brashi yenye unywele mmoja, wino mweusi, rangi nyeupe, na kioo cha kukuza ambacho hakuruhusu mtu akiguse. Chunusi alikuwa anaziondoa, kola iliyopinda anainyoosha. Kuna mwalimu mmoja aliyekuja bila tai akatoka na tai.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa moja: macho yaliyofumba hayatoki studio. Sheria hiyo hakuitunga bure. Kwetu, mtu aliyefumba macho kwenye picha ni maiti. Ukimpa mama picha amepepesa jicho, anairudisha kwa vidole viwili kama kitu kilichooza na kukuuliza kwa nini umemzika. Na filamu ilikuwa ghali, hukupiga mara ishirini uchague. Kwa hivyo Mzee Karanja akiona picha ina macho yaliyofumba, haulizi. Anachovya brashi na kuyafungua.

Nawapa siri ya kwanza, na haihitaji umeme. Mtu anayepepesa sana, mwambie afumbe macho kabisa. Ukiwa tayari, mwambie "sasa", ayafungue. Jicho lililofunguka sasa hivi halipepesi. Ningemfanyia hivyo bwana harusi mmoja wa kule kwetu Sugoi ningekuwa nimeepuka aibu, lakini siku hiyo nilikuwa bado sijafundishwa. Alipepesa kwenye picha ya keki. Mzee akamchorea macho mazuri, makubwa, ila akayaelekeza kando kidogo. Bibi harusi alikuja studio wiki iliyofuata amevimba.

"Mzee, huyu bwana yangu anaangalia nani?"

Mzee akaichukua picha, akaisogeza dirishani. Ukifuata yale macho, yalikuwa yametua kwa msimamizi wa bibi harusi, tena kifuani. Nilidhani nitazimia kwa kicheko na kwa hofu pamoja. Mzee aliyahamisha macho mbele yake, jicho moja baada ya lingine, na yule mama akaondoka ametulia. Tangu siku ile Mzee alipenda kuniambia kwamba kufungua jicho ni kazi rahisi, kazi ngumu ni kulipatia mahali pa kuangalia. Nilicheka tu. Sikujua tutarudi hapo.

Kazi ya hekaluni ilinifikia kwa sababu Mzee aliikataa. Familia za Wahindi wenye maduka mjini zilitaka mtu wa kupiga picha wanapokwenda hekaluni kwao: mtoto mchanga akipelekwa mara ya kwanza, bibi harusi mgeni, mzee aliyepona. Mzee Karanja alikuwa mzee wa kanisa. Alisema haingii mahali asipojua pa kusimama. Mimi nilikuwa na mtoto wa kulisha, nikaenda.

Mama yangu kule Sugoi alipopata habari aliacha ng'ombe katikati ya kukamuliwa.

"Umeingia kwa hekalu la Wahindi?"

"Niliingia kupiga picha, mama. Sikuomba."

"Viatu ulivua?"

"Nilivua."

"Basi uliomba," akasema, na akarudi kwa ng'ombe wake.

Lakini vijana, mimi sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Sakafu ya marumaru ilikuwa baridi, na nyinyi mnajua baridi ya asubuhi ya Eldoret. Kulikuwa na maua ya manjano kwa mafungu, harufu ya samli inayowaka kwenye taa ndogo, kengele inayolia karibu na sikio lako bila kukuonya. Pazia mbele ya madhabahu likafunguliwa, na watu wote, matajiri ninaowajua kwa ukali wa madukani, wakalainika nyuso. Nilisahau kubonyeza. Nilisimama na kamera kifuani, mdomo wazi. Kabla ya hapo kupiga picha kulikuwa kibarua tu. Siku hiyo ndipo nilipoipenda kazi hii, na sijaacha kuipenda.

Flashi hawakuitaka karibu na madhabahu, na walikuwa na haki. Kwa hivyo nilijifunza kupiga kwa mwanga wa taa na dirisha. Bana viwiko mbavuni, egemea nguzo, toa pumzi nusu, kisha bonyeza polepole kana kwamba hutaki kidole chako kijue. Na ujue kitakachotokea kabla hakijatokea. Mara ya kwanza walipoleta gari jipya libarikiwe, waliweka ndimu chini ya magurudumu. Nilikuwa nashangaa tu ndimu zinafanya nini pale, gari likasonga, zikapasuka, kumbe ndivyo wanavyofukuza mkosi, nikabaki na picha ya maji ya ndimu chini ya tairi. Mara ya pili nililala kifudifudi mapema, kamera imelenga ndimu, nikaipata ikipasuka, matone yakiwa hewani na watoto wawili wameziba masikio. Ile picha ilikaa kwenye dirisha la studio miaka mingi. Watu walisimama kuiangalia bila kujua ni nini, na hata wakiambiwa hawakuamini.

Sasa Ba. Hilo ndilo neno la Kigujarati wanaloitia mama au nyanya, lakini wateja wake wote walimwita hivyo. Alikuwa mama yake Kirit, mwenye duka la vitambaa lenye mafundi cherehani barazani. Ba alikuwa haoni. Ugonjwa ulimfumba macho akiwa bado bibi harusi mgeni wa nyumba ile, Kirit akiwa tumboni, na kope hazikufunguka tena. Alikaa kwenye stuli nyuma ya kaunta siku nzima akishika vitambaa kwa vidole. Ukimletea pamba iliyochanganywa na nailoni ukimwambia ni pamba tupu, alikurushia.

Kwa desturi yao, mtu akifa picha yake hutundikwa ukutani na kuvishwa shada la maua, na watoto wa watoto humjua kwa picha hiyo. Kirit alitaka picha ya mama yake ipigwe hekaluni, pahali alipopapenda kuliko nyumbani. Ba mwenyewe ndiye aliyeharakisha.

"Piga sasa," aliniambia, "mimi bado iko na mdomo. Nikikufa, hawa naweka picha mbaya, mimi nasema nini?"

Basi tukaenda. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilimshika mabega, nikamgeuza taratibu anielekee mimi, ili mwanga wa dirisha umpate usoni na madhabahu yaonekane nyuma yake. Akaunganisha viganja. Sari nyeupe, uso umetulia, hakuna aliyesema neno. Nikapiga picha moja nzuri mno, nikaacha filamu kwa Mzee Karanja, nikapanda kwetu Sugoi kwa harusi ya binamu.

Niliporudi, picha ilikuwa tayari, kubwa, imefungwa kwa karatasi. Mzee alikuwa ametoka kwenda kikao cha kanisa. Sikuifungua. Niliibeba moja kwa moja mpaka dukani, kwa furaha, nikaiweka kwenye kaunta mbele ya Kirit na nikamwambia afungue mwenyewe.

Alifungua. Sijawahi kuona mtu akipauka vile. Alirudi nyuma akakalia marobota ya vitambaa, picha ameishika mikononi. Nikainama niangalie na mimi. Ba alikuwa ameyafungua macho.

Mzee Karanja hakujua. Kwani ningemwambia lini? Aliona mama amefumba macho, akachovya brashi. Na aliyachora kwa uwezo wake wote, meusi, yenye nuru ndogo ndani, chini ya nyusi ambazo kweli zilikuwa za Ba. Niliwaza hapa leo nafukuzwa, na wakiniita mchawi sina la kujitetea.

Kirit hakunifukuza. Aliinuka, akasogea kulia, halafu akasogea kushoto, macho yake hayatoki kwenye picha.

"Ananiangalia," akasema polepole. "Mama Jeruto, unaona? Hapa ananiangalia. Pale pia ananiangalia." Akarudi pale alipoanzia. "Mimi sijawahi kuangaliwa na mama yangu."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa, na machozi yalinitoka kabla sijajua ni ya nini.

"Kirit," Ba akaita kutoka kwenye stuli yake. "Iko nini? Kwa nini duka nanyamaza?"

"Ni picha, Ba. Nzuri sana."

"Wewe nasema nzuri hata ya mbuzi. Mama Picha, kuja." Hivyo ndivyo alivyoniita. "Wewe ndiyo napiga. Niambie mimi."

Nikasogea. Kirit akanitazama, nami nikamtazama Kirit. Nikamweleza Ba sari ilivyokaa, viganja, maua nyuma, taa. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila nilipotaja kitu.

"Na macho?"

Kuna kimya ambacho mtu asiyeona hukisikia kuliko sisi. Nikaona nikinyamaza zaidi nitakuwa nimeshajibu.

"Yamefunguka, Ba. Fundi aliyachora. Hakujua."

Nilidhani atalia. Akainua kichwa, akashika ukingo wa kaunta.

"Yanaangalia wapi?"

"Yananiangalia mimi. Yaani kamera."

"Wewe?" Ba alishtuka mpaka stuli ikalia. "Mimi iko hekaluni, mbele ya Mungu, halafu mimi nampa yeye mgongo, naangalia wewe?"

Hapo akanifundisha jambo ambalo miaka yote ya kuingia mle ndani hakuna aliyekuwa ameniambia, kwa sababu sikuwa nimeuliza. Kwao, kwenda hekaluni ni kwenda kumwona Mungu na yeye akuone. Pazia likifunguliwa, hiyo ndiyo shughuli yenyewe. Ba hakuwa na macho ya kuona, basi kila alipokwenda alielekeza uso tu, aonekane. Na mimi nilikuwa nimemshika mabega nikamgeuza. Nilikumbuka wote niliowahi kuwageuza: bibi harusi, wagonjwa waliopona, watoto wachanga. Wote migongo madhabahuni, nyuso kwangu, na mimi nikiona ni picha safi. Nilitamani sakafu ya duka ifunguke.

"Kama mnapa mimi macho," akasema Ba, "yaangalie Mungu. Hiyo moja ndiyo nataka kwa ukuta. Kama hawezi, funga."

Kirit alinitoa nje barazani, katikati ya kelele za cherehani.

"Sikiza," akasema kwa sauti ya chini. "Kaa siku mbili, urudi umwambie umebadilisha. Hii hii ndiyo nitaweka kwa ukuta."

"Kirit, huyo ni mama yako."

"Ndiyo kwa sababu ni mama yangu. Haoni, Mama Jeruto. Hatajua."

Nilimjua Kirit kama mtu mwema. Ndiyo maana maneno yale yalinigonga vibaya. Nilitembea mpaka studio bila kusalimia mtu. Njiani nilikuwa nafikiria kwamba picha ya mtu asiyeona iko mikononi mwa wengine kabisa, na yeye hana hata pa kuhakikisha.

Mzee Karanja nilimkuta mezani. Nilipomwambia, aliweka brashi chini, akavua miwani.

"Haoni? Haoni kabisa?"

"Kabisa, Mzee. Tangu zamani."

"Nimemfungulia macho mtu Mungu amemfunga," akasema. Akaifuta miwani kwa shati, akaifuta tena. Nilidhani ataniambia tuachane na kazi ile. Badala yake akachukua koti. "Nipeleke huko ndani. Siwezi kuchora jicho la mtu sijamwona akilitumia."

Tulikwenda siku Ba alipokwenda. Mzee Karanja, mzee wa kanisa, alivua viatu mlangoni na soksi ikamtoa kidole kikubwa. Alitembea hekalu zima amekikunja kidole hicho ndani, akichechemea, na kina mama wakamhurumia wakidhani ana mguu mbaya. Mwenye kuhudumu akampa pipi ya maziwa ya baraka kiganjani. Mzee hakujua kama atakosea akila au atakosea akiitupa. Akaitia mfukoni. Wiki hiyo yote studio ilijaa sisimizi na hatukuelewa kwa nini.

Safari hii sikumgusa Ba. Nilisimama ubavuni, nyuma ya nguzo, nikaacha asimame anavyosimama. Mzee alikuwa kando yangu, amekaza macho usoni mwake. Kengele ikalia. Pazia likavutwa. Uso wa Ba ukainuka kama wa mtu aliyeitwa jina, kope zikatikisika bila kufunguka.

"Sasa," Mzee akaninong'oneza, na nikabonyeza.

Tuliisafisha mchana ule ule. Mzee aliibeba ingali mbichi mpaka dirishani, akaweka kioo cha kukuza, akachovya brashi. Nilisubiri. Brashi ilikaa juu ya uso wa Ba mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Kisha akaisuuza, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha kwenye kopo.

"Hapa sina kazi," akasema.

Sheria ilikuwa yake, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona macho yaliyofumba yakitoka kwenye studio ile. Nilimkumbusha kwamba Ba alitaka yaangalie madhabahu. Akanijibu niangalie vizuri kisha nimwambie yanaangalia wapi.

Niliipeleka dukani. Kirit aliifungua, akaiangalia kwa muda, akanitupia jicho la hasira. Kabla sijafungua mdomo alimgeukia mama yake.

"Imekuja, Ba. Wamegeuza macho. Sasa unaangalia Mungu."

Alisema vizuri, kwa sauti ya upole, na nilijua akiaminiwa nitarudi na picha hii kwapani, ile nyingine itundikwe, na Ba afe akijua kitu ambacho si kweli. Ba aligeuza uso kwangu.

"Mama Picha. Kweli?"

Kirit alinikazia macho. Alikuwa mteja wetu mkubwa, na aliniheshimu, na nilijua anachokitaka hakikutoka kwa ubaya.

"Hapana, Ba," nikasema. "Yamefumba. Hatukuyagusa."

Cherehani moja barazani iliacha kushona. Kirit akafunika uso kwa kiganja.

"Na uso?" Ba akauliza. "Uso naangalia wapi?"

"Kwa Mungu. Sawasawa."

Ba akashusha mabega. "Basi iko sawa," akasema. "Weka hii kwa ukuta." Kisha akanyoosha mkono hewani mpaka akampata mwanawe, akamshika shavu. "Ile ingine achia Kirit. Yeye mtoto, mimi napeana kila kitu, macho hapana. Kaa nayo."

Na ikawa hivyo. Ba alipofariki nilikwenda matangani nikaiona yenye macho yaliyofumba ukutani, shada limeizunguka. Ile nyingine Kirit aliitundika dukani, mbele ya kiti chake, pahali jua la asubuhi hupiga. Nilimwambia jua hula picha. Hakunisikia. Alitaka kuangaliwa akiwa kazini.

Mzee Karanja pia alishapumzika. Mimi nilistaafu, nikahamia huku Yamumbi, na ningekuwa nimesahau mengi kama Kiprop asingenifungulia macho Jumapili. Jumatatu sikutulia. Nilipanda boda boda mpaka mjini, nikaingia kwa Kirit nikisingizia kitambaa cha pazia.

Nilishtuka nilipomwona. Amezeeka kunishinda. Macho yake yana ukungu, daktari amemwambia sukari imeyala, na sasa anapima kitambaa kwa vidole. Alinitambua kwa sauti, akaagiza chai, tukasemezana habari za magoti. Halafu akaelekeza kidole ukutani bila kugeuka.

"Mama Jeruto, mimi siku hizi naona kivuli tu. Wafanyakazi nikiwauliza wananiambia ndiyo ndiyo. Wewe niambie. Bado ananiangalia?"

Nikasimama, nikasogea karibu. Jua lilikuwa limeila picha mpaka ikawa rangi ya majani makavu. Na ile rangi ya Mzee Karanja, kwa vile ilipakwa juu, ilikuwa imebanduka yote. Chini yake kope za Ba zilikuwa pale pale, zimefumba, kama siku niliyompiga. Mwanamume huyu alikuwa amekaa mbele ya macho ambayo hayapo, kwa miaka sijui mingapi, na hakuna aliyemwambia.

"Amefumba, Kirit. Rangi imetoka."

Midomo yake ikawa inacheza. Sikuweza kuvumilia, nikamwambia kuna kijana huko Yamumbi ana simu inayofungua macho ya watu mara moja, hata leo naweza kumwita, na yatakuwa mazuri kuliko ya Mzee Karanja.

"Atafungua?"

"Kabla chai yako haijapoa."

Alifikiri. Mkono wake ulikuwa unapapasa kitambaa changu, ukisugua uzi kati ya kidole na gumba, vile mama yake alivyokuwa akifanya kwenye stuli ile.

"Na uso?" akauliza. "Uso umeangalia wapi?"

Nikaangalia. Miaka ile nilimshika mabega nikamgeuza, nikamnyima Mungu wake, nikamfanya ampe mgongo. Sasa alikuwa ameelekea mbele, moja kwa moja, kwenye kiti.

"Kwako," nikamwambia. "Sawasawa."

"Basi iko sawa," akasema Kirit, na akaniuliza dirisha langu lina upana gani.